Fundi wa pama aliyemtafuta baba yake ndani ya kofia kuukuu

Birika limeshaanza kupiga mluzi, na Fundi Mvuke ameishikilia pama ya kijivu juu ya mdomo wa birika hilo, anaigeuza taratibu kama mtu anayemgeuza mtoto kichwa wakati wa kumnyoa. Mvuke unaingia kwenye sufu, sufu inalegea, na ukingo uliokuwa umejikunja kama jani kavu unaanza kunyooka.

Saa mbili asubuhi haijafika. Chumba chake kiko chini ya ngazi za jengo kuukuu la ghorofa, na kila mpangaji anayeshuka kwenda kazini anapita juu ya kichwa chake. Anawatambua kwa viatu.

"Huyo karani wa bima," anasema bila kuinua macho. "Leo kachelewa. Sikia anavyoruka ngazi."

Mteja wa kwanza anachungulia mlangoni. Ni dereva wa teksi aliyestaafu, upara unang'aa, mikono nyuma.

"Fundi, mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Ana nafuu. Lakini kuna mtu alimkalia."

"Si mimi. Ni shemeji yako."

"Mpe pole shemeji. Ukingo umepona, ila huku juu bado. Mwache alazwe mpaka kesho."

Dereva anacheka, anaondoka kichwa wazi. Fundi anarudi kwenye birika lake.

Ana miaka hamsini na minane. Jina la Fundi Mvuke alibatizwa na wapangaji wa jengo hilo kwa sababu ya wingu linalotoka mlangoni kwake kila asubuhi, na sasa hata mkewe humwita hivyo, hasa akiwa amemkasirikia. Kazi yake ni kusafisha, kunyoosha na kurudishia umbo pama za kiume za zamani, zile ngumu zenye ukingo na utepe, ambazo hazikufumwa wala kushonwa. Zilitengenezwa kwa sufu au manyoya ya sungura yaliyoloweshwa, yakapigwa mvuke na kugandamizwa mpaka yakashikana yakawa kitu kimoja. Mafundi hukiita felti.

Si kazi ya kumtajirisha mtu. Siku nzuri huletewa kofia tatu au nne. Zipo siku anazokaa mpaka jioni akipiga burashi kofia zake mwenyewe. Kodi ya chumba, anakiri, mara nyingi hulipwa na cherehani ya mkewe.

"Zamani karani hakutoka nyumbani bila pama," anasema. "Mwalimu alikuwa nayo, kondakta wa treni alikuwa nayo, hata mkopaji alikwenda kukopa akiwa amevaa pama. Halafu watu wakaacha kuvaa kofia wakaanza kuvaa nywele. Sasa nywele nazo zimewakimbia, wanarudi kwangu."

Anapenda kuchekesha. Lakini mtu akikaa naye saa moja ataona jambo jingine. Kila kofia inayoingia chumbani humo, kabla hajaitia mvuke wala kuuliza ilinunuliwa bei gani, huifunua kitambaa cha ndani, akaingiza mkono, na kupitisha kidole cha shahada pole pole kwenye upande wa ndani wa utosi wake. Anafumba macho akifanya hivyo. Amefanya hivyo kwa kila kofia tangu aianze kazi hii.

"Natafuta mstari," anasema.

Mstari huo unaanzia kwa baba yake.

Baba alikuwa mtu wa kalibu katika kiwanda cha kofia kilichokuwa pembezoni mwa jiji hilihili. Kalibu ni gogo la mbao lililochongwa kwa umbo la kichwa. Felti ikiwa bado mbichi na moto huvutwa juu yake, ikafungwa kamba, ikakaushwa hapo hapo. Kiwandani kulikuwa na kalibu nyingi, lakini baba alikuwa na moja aliyoipenda. Ilipasuka ufa mwembamba kuanzia kipaji kwenda kisogoni. Msimamizi alitaka itupwe. Baba aliuziba ufa kwa nta na gundi, akaendelea nayo, kwa kuwa hakuna kalibu nyingine iliyotoa umbo zuri kama lile. Ila kila pama iliyokaushwa juu yake ilitoka na alama ndani, mstari mwembamba kama unywele, usioonekana kwa macho mpaka uutafute kwa kidole.

Kiwanda kilifungwa Fundi akiwa na miaka saba. Hakuna aliyetaka kofia tena. Mashine na kalibu zote zilinunuliwa na kampuni ya ng'ambo, nchi ambako wanaume walikuwa bado wanafunika vichwa, na wanunuzi wakaomba mtu mmoja afuatane na mzigo, azifunge mashine, awafundishe watu kuzitumia. Akachaguliwa baba.

"Aliniambia ni miezi mitatu tu," anasema Fundi. "Mimi nilikuwa sijui mwezi ni kitu gani. Nikamuuliza, ni kama kulala mara ngapi? Akasema, mara nyingi, lakini utazoea."

Hakuzoea. Fedha zilikuja kwa muda kupitia ofisi ya kiwanda iliyobaki, pamoja na salamu fupi kwamba kazi imeongezeka na muda umesogezwa. Halafu familia zote zilizokuwa zikikaa kwenye nyumba za kiwanda zikapewa notisi ya kuhama. Mama alifunga vitu vyake, akamchukua mwanawe, wakaenda kukaa kwa kaka yake katika mji mwingine. Majirani nao walitawanyika, kila mtu na njia yake. Baada ya hapo hakikuja kitu tena, wala salamu wala fedha.

Mama hakuolewa tena. Alifua nguo za watu mpaka mwanawe akakua. Kuhusu mumewe alikuwa na sentensi moja, na aliisema kwa sauti ileile kila alipoulizwa: "Baba yako amepata maisha." Hakuongeza neno. Lakini pama ambayo mumewe aliiacha nyuma ya mlango, kahawia, iliyokaushwa kwenye ile kalibu yenye ufa, hakuitupa wala hakuiuza hata walipolala njaa. Aliifunga kwenye foronya akaiweka juu ya kabati.

Mtoto alikuwa akiishusha mama akiwa kazini. Aliivaa, ikamfika mabegani. Kisha aliivua, akaingiza mkono ndani na kuutafuta ule mstari. Ndivyo alivyojifunza kazi, anasema. Nondo walipoanza kuila ile kofia, akatafuta namna ya kuwazuia. Ukingo ulipolegea, akatafuta namna ya kuukaza. Akauliza mafundi nguo, akauliza madobi, akaunguza vidole kwenye birika la mama. Alipofika miaka ishirini alikuwa anaweza kuirudishia uhai kofia yoyote, na hakukuwa na mtu mwenye kofia.

Mama alipofariki, Fundi alirudi kwenye jiji la kiwanda. Hakuwa na ndugu huko. Alikwenda moja kwa moja pale zilipokuwa nyumba zao, akakuta maghala ya saruji na walinzi. Akauliza huku na huku mpaka akampata mzee aliyewahi kuchochea moto wa boila kiwandani, macho yamekwisha lakini kumbukumbu ipo. Mzee alimkumbuka baba vizuri, hata alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema uongo. Lakini kampuni ya ng'ambo ilikuwa ya nani, au mji gani, hakujua. "Walikuja watu na suti," alisema mzee. "Suti zote zinafanana, mwanangu."

Fundi akapangisha chumba chini ya ngazi. Aliamini, na mkewe alimwona mwehu kwa kuamini hivyo, kwamba kama ile kalibu iliendelea kufanya kazi huko ilikokwenda, basi ipo siku kofia iliyotoka juu yake ingerudi. Nguo kuukuu za dunia nzima zinafika kwenye masoko ya mitumba ya jiji hili. Kwa nini zisifike na pama?

"Nilimwambia, mume wangu, duniani kuna vichwa vingapi?" anasema mkewe, akiwa ameketi kwenye cherehani yake upande wa pili wa ukuta wa mbao. "Akaniambia yeye hatafuti kichwa, anatafuta mkono."

Ilikuja mwaka jana, asubuhi ya kawaida kabisa. Muuza mitumba aliyemzoea alimletea mfuko wa kofia zilizotoka kwenye robota la makoti ya baridi. Nyingi zilikuwa takataka. Ya mwisho ilikuwa pama ya buluu iliyoiva, ukingo mwembamba, utepe umechanika, imebonyea upande mmoja. Fundi akafunua kitambaa, akaingiza mkono, akafumba macho.

"Nikasema, tulia," anakumbuka. "Nikatoa mkono. Nikauingiza tena. Nikamwita mke wangu."

Mkewe aliingiza kidole chake naye. Kisha walishusha ile pama ya kahawia, wakaziweka mbili pamoja, na kila mmoja akapapasa huku na huku. Mstari ulianzia mahali pamoja, ukapinda mahali pamoja karibu na kisogo, ukaishia mahali pamoja. Muuza mitumba alikuwa bado amesimama mlangoni akisubiri malipo, akawaona watu wazima wawili wamekaa sakafuni wameingiza mikono kwenye kofia, wanalia. "Nikaona bora nipite kesho," anasimulia muuza mitumba.

Kwenye mkanda wa ngozi wa ndani ya pama ya buluu kulikuwa na mhuri wa dhahabu uliofifia: ndege, na chini yake herufi za lugha ambayo Fundi haijui. Hapo ndipo anapoingia mtu anayemwita Mwalimu.

Mwalimu ni mama wa miaka sabini na ushee anayeishi ghorofa ya juu ya jengo hilohilo, alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu, na tangu hapo anafuatilia historia ya kofia za kale na watu waliozitengeneza. Ana picha za mihuri, za riboni, za mishono. Alikuwa mteja wa Fundi kwa pama za marehemu mumewe, na kwa miaka walikuwa wamebishana kuhusu kila kitu, kuanzia namna ya kupiga burashi hadi mwaka ambao utepe mpana ulianza kuonekana wa kizamani. Fundi alipompa kofia ya buluu, Mwalimu aliitazama kwa lenzi muda mrefu.

"Ndege huyu simjui," alisema. "Lakini mtu wa kumjua yupo."

Mwalimu yumo kwenye kundi la simu la wapenda kofia za kale, watu wa nchi nyingi ambao hawajawahi kuonana. Akapiga picha mhuri, akauliza. Majibu yalikuja mengi na mengi yalipotoka. Mmoja alisema ni kiwanda fulani cha kaskazini, wakafuatilia kwa wiki kadhaa, kumbe ndege wa kule alikuwa akitazama kushoto na huyu anatazama kulia. Mwingine alitaka kuinunua kofia. Fundi alikuwa akipanda kwa Mwalimu kila jioni kuuliza, mpaka Mwalimu akamwambia, "Baba, kama nina habari nitateremka mwenyewe. Magoti yangu si mabaya hivyo."

Siku moja akateremka. Mtu mmoja wa kundi, mtengeneza viatu wa ng'ambo, aliutambua mhuri. Kiwanda kilikuwa mjini kwao, kilifungwa zamani. Wazee wa mji bado wanamkumbuka fundi mgeni aliyekuja na mashine. Fundi huyo naye walimwita Mwalimu, kwa vile ndiye aliyewafundisha wote.

"Nilitaka kuuliza kama yuko hai," anasema Fundi. "Nikaona nikiuliza nitajibiwa. Nikanyamaza."

Mwalimu wa historia, aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, hakumwacha anyamaze sana. Alimshika mkono akamwambia kwamba baba yake alifariki miaka michache iliyopita, katika usingizi, akiwa mzee sana. Halafu akamwambia sehemu ya pili. Aliacha binti. Binti anatengeneza kofia. Na ameomba namba ya simu.

Alipiga siku ya pili, mchana, kelele za barabarani zimejaa chumbani. Fundi alikuwa amejiandaa kumtafuta mkalimani. Simu ilipoita akaipokea, na sauti ya mwanamke ikasema, kwa lugha yetu hii hii, "Bwana Mdogo?"

Hakuna mtu duniani aliyekuwa akimwita hivyo. Ni baba peke yake.

Dada yake hajawahi kufika huku. Lugha aliifundishwa na mtu mmoja tu, nyumbani, juu ya meza ya kazi, na hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Kwa hiyo kila neno analosema ni la baba. Anasema maneno ambayo vijana wa leo hawayajui. Akishangaa, anashangaa kizee. Akiaga anasema, "Haya, tuzime taa," hata kama ni saa sita mchana, maana ndivyo baba alivyoaga jioni kiwandani.

"Nilikuwa nimeisahau sauti yake," anasema Fundi. Anaweka burashi chini. "Miaka hamsini. Nikaisikia kwenye mdomo wa mwanamke."

Walizungumza mara nyingi baada ya hapo, na kidogo kidogo dada akamweleza. Baba alirudi. Ilikuwa karibu miaka miwili baada ya kuondoka, alipopata ruhusa na nauli. Alifika kwenye nyumba za kiwanda akakuta zimebomolewa, vibarua wanamwaga zege. Aliuliza kila mtaa. Aliyemwambia kitu alimwambia uongo au alikosea, kwani alimwelekeza mji usio wenyewe, na huko nako akauliza mpaka fedha ikaisha. Akarudi ng'ambo kwa sababu ndiko kulikokuwa na kazi, akawa anatuma watu waulize, na hakuna aliyeleta jibu. Miaka mingi baadaye ndipo alipooa tena.

Fundi alipokata simu siku hiyo, hakufungua kazi siku mbili. Mkewe alidhani ni msiba umempata upya. Ilikuwa hasira.

"Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe," anasema. "Tangu utoto. Nilikuwa nayo maneno yote, nimeyapanga. Kumbe mtu hakukosa. Sasa huo msamaha niupeleke wapi?" Anachukua tena burashi. "Na mama. Mama alikufa akijua jambo ambalo halikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Yeye nani atamwambia?"

Dada naye alikuwa na lake. Alimweleza kaka yake bila kumung'unya kwamba alipokuwa mdogo alimchukia. Nyumbani kwao kulikuwa na mtoto wa kiume asiyeonekana, anayekumbukwa kila siku fulani ya mwaka, anayeulizwa kwa sauti angekuwa anapenda nini. "Ukishindana na mtu aliyepo, utamshinda siku moja," alimwambia. "Wewe hukuwepo. Ningekushindaje?" Walicheka wote wawili, na Fundi anasema kicheko hicho ndicho kilichowafanya wawe ndugu.

Mwezi uliopita dada alipiga akiwa na swali.

"Kichwa chako kina ukubwa gani?"

Fundi alidhani hajasikia vizuri. Yeye anayepima vichwa vya watu kila siku hajawahi kupima chake. Akamwita mkewe, mke akaja na futi ya cherehani, akaizungusha juu ya masikio, akasoma.

"Sentimita hamsini na saba," Fundi akamwambia dada yake.

Halafu dada akamweleza kwamba baba, mwaka kiwanda cha ng'ambo kilipofungwa, alichukua felti nzuri kuliko zote iliyobaki na kutengeneza pama moja nyeusi, ya mwisho kabisa. Kwa kuwa hakujua mwanawe amekuwaje, alipima kichwa chake mwenyewe, akaongeza, akisema lazima kijana awe amemzidi. Iko kwenye sanduku lake mpaka leo. Haijavaliwa na mtu.

"Ni hamsini na tisa," dada alisema. "Alikukuza sana, kaka yangu. Itakuangukia machoni. Nitaipunguza kwa ndani halafu niitume."

Fundi anasimulia haya akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mvuke umekwisha, birika limepoa. Ameshapiga picha ya pasipoti. Mkewe anasema ameivurunda kwa kukunja uso. Wameanza kuweka akiba ya nauli, yeye na cherehani ya mkewe, na Mwalimu ameahidi kuulizia njia iliyo nafuu. Huenda ikachukua mwaka, huenda zaidi. Hana haraka kuliko alivyokuwa zamani.

"Ukamjibu nini dada yako?" anaulizwa.

"Nilimwambia asiiguse," anasema. "Asiipunguze, na asiitume. Nitaifuata mwenyewe, niivae hivyo hivyo alivyoipima."